Tumbusi wanakufa kwa kile tunachokiita dawa

Siku ya soko mjini Kehancha, mtu akitaka kununua kemikali ya kunyunyizia tumbaku, mahindi au nyanya, hamwambii mwenye duka kwamba anataka sumu. Humwambia kwamba anataka dawa. Akitaka ya kuua kupe wa ng'ombe, hiyo ni dawa. Ya mchwa, ya kunguni, ya mbu, zote ni dawa. Na usiku wa siku iyo hiyo mtoto wake akishikwa na homa, mtu huyo huyo atarudi mjini alfajiri na mapema kutafuta dawa. Kwa miaka mingi neno hili lilinipita masikioni bila ya kunishtua, ijapokuwa kazi ninayolipwa mshahara kuifanya ni kuyasikiliza maneno. Aliyenizindua ni mzee mmoja wa Kikuria, naye alinizindua kwa kunisimulia habari za ndege.

Nilikuwa upande huo nikikusanya majina ya ndege, wanyama na miti katika lugha ya Kikuria, kazi ambayo sisi wanaisimu huifanya kwa daftari, kalamu na subira. Mwenyeji wangu alikuwa mfugaji, na katika ujana wake alilima tumbaku. Alinitajia ndege mmoja baada ya mwingine: yule anyakuaye vifaranga, yule alaye nyoka, yule aliaye usiku na watu wakajifunika blanketi. Mjukuu wake, mvulana wa sekondari, alikaa kando akitusikiliza. Tulipofika kwa ndege alaye mizoga, mzee akanyamaza kidogo.

"Huyu utaandika jina tu, mwalimu," akasema. "Mwenyewe hayupo tena."

Nikamuuliza alikwenda wapi.

"Walikula dawa," akanijibu.

Hebu msomaji aitazame sentensi hiyo kwa makini. Katika Kiswahili chetu cha kila siku, anayekula dawa ni mgonjwa ambaye jamaa zake wanatarajia apone. Mzee hakukosea sarufi, wala hakukusudia kejeli. Alisema kama watu wote wasemavyo. Lakini maana yake ilikuwa kwamba ndege hao waliuawa kwa sumu, na lugha ilikuwa imempa neno lililoufunika uuaji huo kwa shuka la hospitali.

Kabla sijaendelea yafaa niseme jambo juu ya majina ya ndege wenyewe, kwa kuwa katika madarasa yetu yanavurugwa mno. Neno tai limetwishwa mzigo wa ndege wa aina mbili: yule awindaye kiumbe hai, na yule mwenye shingo iliyonyonyoka manyoya ambaye hungoja kifo kifanye kazi yake kwanza. Huyu wa pili wengine humwita tumbusi, na ndilo jina nitakalolitumia. Mwewe, kipanga na kozi ni wawindaji wa miili midogo zaidi. Furukombe ni yule wa kichwa cheupe alaye samaki kandokando ya ziwa, na karani ni yule wa miguu mirefu atembeaye nyikani kama mtu aliyebeba majalada. Bundi tunamjua, na kwa bahati mbaya tunamjua kwa ubaya. Nimepata kusahihisha insha za wanafunzi ambamo tumbusi hutokea katika sura moja tu, ile ya mwanasiasa mlafi. Wanaoandika hivyo wengi wao hawajapata kumwona.

Na si ajabu kwamba hawajamwona. Kenya ina aina 8 za tumbusi. Mwezi wa Oktoba mwaka 2015 shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, IUCN, liliziweka aina 4 za tumbusi wa Afrika katika daraja la mwisho kabla ya kutoweka kabisa porini, na zote 4 ni ndege wa anga zetu. Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Darcy Ogada, ambaye amefanya kazi yake kwa miaka mingi humu nchini, walionyesha kwamba katika aina 8 za tumbusi walizozichunguza barani Afrika, 7 zilikuwa zimepungua kwa kiwango cha asilimia 80 au zaidi katika muda wa vizazi vitatu vya ndege hao. Katika vifo ambavyo sababu yake ilijulikana, asilimia 61 vilitokana na sumu.

Sisi wa pande za Migori hatuwezi kusema kwamba hayo ni ya mbali. Kuria imepakana na Transmara, na Transmara ndiyo mlango wa magharibi wa Maasai Mara. Kwa binadamu huo ni mwendo wa saa kadhaa katika barabara mbovu, lakini kwa tumbusi, ambaye hupanda na hewa ya joto asubuhi na kuvuka mpaka wa Tanzania kabla ya adhuhuri bila ya kuonyesha kitambulisho, huo ni ua mmoja. Mwaka 2011 Munir Virani na wenzake, miongoni mwao Simon Thomsett, walichapisha hesabu za ndege wala mizoga wa Mara na kandokando yake. Walizilinganisha hesabu za miaka ya 1970 na 1980 na zile za mwanzoni mwa karne hii, wakakuta kwamba tumbusi walikuwa wamepungua kwa zaidi ya nusu.

Utafiti mwingine ulitoka mwaka 2022, nao ndio ninaowashauri walimu wa sayansi wautafute. Watafiti walizirudia barabara za Kenya ambazo ndege wala nyama walihesabiwa katika miaka ya 1970, wakawahesabu tena kati ya mwaka 2003 na 2020. Katika aina 22 walizozilinganisha, 19 zilikuwa zimepungua. Karani alikuwa amepungua kwa asilimia 94. Shakivale, yule mwewe mnene tuliyezoea kumwona juu ya nguzo za simu akitazama panya shambani, alipungua kwa asilimia 91. Sababu si sumu peke yake. Malisho yamelimwa, miti ya kutagia imekatwa, na nyaya za umeme huwaua wengi. Hata hivyo sumu ina tofauti moja na hizo nyingine: kwa mchana mmoja inaweza kuua ndege waliochukua miaka 20 kuzaliwa.

Yatupasa kueleza ni kwa nini ndege hawa ndio waathirikao kwanza. Tumbusi, furukombe na kozi wako kileleni mwa mnyororo wa chakula. Kilicho kidogo katika majani huwa kingi zaidi katika panzi, kikawa kingi zaidi katika mjusi na panya, na hatimaye hujikusanya katika mwili wa yule alaye wote. Isitoshe, ndege hawa huzaa kwa kujinyima. Tumbusi wa aina kubwa hutaga yai moja kwa mwaka, na kifaranga huchukua miaka kadhaa kabla hajawa mzazi. Kuku akifiwa na vifaranga kumi atarudisha kumi kabla mwaka haujaisha. Tumbusi hawezi. Tena hula kwa pamoja: mmoja akishuka, wengine walio mbali angani humwona wakamfuata. Mzoga mmoja wa ng'ombe uliotiwa sumu unaweza kuwaita na kuwaua kwa makumi.

Sumu iliyopata sifa mbaya kuliko zote katika habari hii ni ile iliyouzwa kwa jina la Furadan, ambayo kemikali yake ni kabofurani. Ilitengenezwa na kampuni ya FMC ya Marekani ili kuua wadudu na minyoo ya udongoni. Huishambulia neva: hukizuia kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuzima ishara baada ya msuli kuambiwa ujikaze, kwa hiyo msuli hujikaza usiachie, na pumzi hukatika. Punje moja yatosha kumuua ndege mdogo. Wafugaji waliochoka na simba waligundua kwamba kopo dogo lililonunuliwa dukani bila ya kuulizwa swali, likinyunyizwa juu ya mabaki ya ng'ombe aliyeuawa usiku, humaliza kundi zima la simba, na pamoja nao fisi, mbweha na kila tumbusi aliyeshuka. Mwaka 2009, baada ya televisheni ya Marekani kuonyesha simba na tumbusi wa Kenya wakiuawa hivyo, kampuni hiyo ilitangaza kuiondoa Furadan katika soko la Kenya. Mwaka huo huo serikali ya Marekani nayo iliondoa ruhusa ya kuwapo kwa masalio ya kabofurani katika vyakula. Nchi iliyoivumbua haikutaka kuila.

Mambo hayakuishia hapo. Mwezi wa Desemba mwaka 2015 simba wa lile kundi mashuhuri la Marsh huko Mara walikula mzoga uliotiwa sumu. Simba jike aliyejulikana kwa jina la Bibi akafa, na tumbusi waliokula masalia wakafa pia. Safari hii iliyotajwa ilikuwa kabosulfani, nduguye kabofurani wa tumbo moja. Lebo ya dukani ilikuwa imebadilika, na mtindo wa kuua ukabaki ule ule.

Na asifikiri mtu kwamba hii ni dhambi ya wafugaji pekee. Huko Bunyala, katika mashamba ya mpunga ya kaunti ya Busia, mtafiti Martin Odino alifuatilia kwa muda mrefu watu waliotia kemikali hiyo ndani ya konokono, wakaitega kwa korongo na ndege wengine wa majini. Ndege waliokufa walichunwa na kuuzwa wakawa kitoweo. Nimepata kulisimulia jambo hili mbele ya walimu, mmoja akacheka kwa mshangao akauliza mtu anawezaje kula kitu alichokiua kwa sumu. Jibu langu ni kwamba hakujiambia kuwa ni sumu. Alijiambia ni dawa ya ndege, na dawa ya ndege, kwa mantiki ya jina lake, humhusu ndege.

Upande wa Kuria una historia yake ya kemikali, nayo imefungamana na tumbaku. Kwa miongo mingi zao hili limelimwa hapa kwa mikataba na makampuni: mkulima hukopeshwa mbegu, mbolea na kemikali, kisha gharama hizo hukatwa katika malipo yake majani yakishauzwa. Kemikali kwa hiyo huingia nyumbani kama deni, na mtu hatupi kitu anachodaiwa. Hubaki chini ya kitanda au juu ya dari, ndani ya chupa ya soda iliyopoteza lebo. Utepe mwekundu ambao huwekwa kwenye kopo kuonyesha kwamba kilichomo ni hatari kuu, pamoja na lile fuvu la kichwa, vyote vilibaki sokoni. Mwaka 2022 mashirika ya Umoja wa Mataifa pamoja na serikali yetu yalianzisha katika kaunti ya Migori mradi wa kuwasaidia wakulima kuiacha tumbaku na kulima maharagwe yenye madini mengi ya chuma. Huo ni mwendo mwema, ingawa maharagwe nayo yana wadudu wake, na wadudu wana duka lao.

Panya wa ghalani nao wasisahauliwe. Sumu nyingi za panya zinazouzwa siku hizi huzuia damu kuganda, na panya aliyezila hafi papo hapo. Hutembea siku kadhaa akiyumbayumba mchana kweupe, na ndipo bundi na mwewe wanapomwona kuwa ni riziki isiyokimbia. Tunamshuku bundi kwa uchawi, kumbe sisi ndio tuliomwekea kitu chakulani.

Kabofurani huua kwa saa. Zipo sumu zinazoua polepole, hata aliyeziweka asijue kwamba ameua. Ya kale kuliko zote katika kumbukumbu zetu ni DDT. Mwaka 1967 Mwingereza Derek Ratcliffe alitaka kujua kwa nini mayai ya kozi yalikuwa yakivunjika chini ya mama zao. Akayaendea makabati ya watu waliokusanya mayai ya ndege tangu enzi za babu zao, akapima uzito wa maganda, akakuta kwamba kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 maganda yalikuwa yamekuwa membamba ghafla. Ndiyo miaka ambayo DDT ilianza kutumika mashambani. Ndege hakufa, alitaga kama kawaida, ila kemikali iliyozalika mwilini mwake ilikizuia chokaa kulifikia ganda, na alipoatamia akayavunja mayai yake mwenyewe. Marekani iliipiga DDT marufuku mwaka 1972, na Kenya ikaikataza katika kilimo mwaka 1986.

Nakiri kwamba mimi, mtu wa kamusi na nyaraka, kisa hicho hunivutia kwa sababu zangu. Yai lililokauka kabatini lilikuwa hati. Mwaka 1966 Waswidi nao walisoma hati za aina hiyo, safari hii katika manyoya. Nchini mwao mbegu zilikuwa zikipakwa zebaki ili zisiote kuvu, ndege wadogo wakazila, na wakubwa wakawala wadogo. Wanasayansi walipima zebaki katika manyoya ya ndege waliohifadhiwa katika majumba ya makumbusho kwa muda wa miaka 100, wakaona kiasi chake kikipanda katika miaka ile ile mbegu zilipoanza kupakwa. Ndege huitoa zebaki mwilini kwa kuipeleka katika manyoya yanapoota. Unyoya ukishakomaa haubadiliki tena, kama neno lililokwisha kupigwa chapa.

Zebaki ndiyo inayonirudisha Kehancha. Ukanda wa dhahabu wa Migori unapita Nyatike, ulikokuwa mgodi wa Macalder uliofungwa mwaka 1966, ukaja hadi Kehancha na kuendelea Lolgorien huko Transmara. Baada ya makampuni makubwa kuondoka, wachimbaji wadogo waliyarithi mashimo. Mwamba husagwa, hutiwa maji, kisha zebaki hukorogwa humo ili iunate unga wa dhahabu. Donge linalopatikana huchomwa motoni, mara nyingi katika karai na mara nyingine karibu na jiko la chakula, zebaki ikapaa kama mvuke na dhahabu ikabaki. Mvuke huo huvutwa na aliye karibu. Uliobaki hurudi ardhini na mvua, na pamoja na ule uliomwagwa na matope hufuata vijito hadi Mto Migori, ambao hukutana na Mto Kuja kabla ya kumwaga maji yake katika Ziwa Viktoria. Mwaka 2002 watafiti Ogola, Mitullah na Omulo walichapisha uchunguzi wao kuhusu ukanda huu, wakaonyesha kuwapo kwa zebaki, risasi na aseniki katika mashapo ya mito na katika mabaki ya migodi.

Ndani ya matope ya mto bakteria huigeuza zebaki ikawa ya namna nyingine, iliyo hatari zaidi, ambayo hushikamana na nyama ya samaki. Samaki mdogo huliwa na mkubwa, na mkubwa huliwa na wawili: furukombe na sisi. Huko Minamata nchini Japani, ambako kiwanda kilimwaga zebaki katika ghuba, kabla maradhi ya watu hayajatambuliwa rasmi mwaka 1956, wavuvi walikuwa wamekwisha kuona paka wakirukaruka kama wendawazimu na kunguru wakianguka kutoka angani. Ndege walitoa taarifa mapema. Waliokosekana ni wasomaji.

Hapa sina budi kuwa mwaminifu, maana mwanafunzi akidanganywa kwa ajili ya jambo jema atakuja kulikataa jambo jema siku atakapoujua uongo. Mwaka 2004 watafiti waliofanya kazi nchini Uganda walitoa matokeo ya kupima zebaki na kemikali za jamii ya DDT katika furukombe, korongo wa jalalani na ngege. Kiasi walichokikuta kilikuwa chini ya kile kinachojulikana kudhuru. Hiyo ni habari njema, nami sitaipinda. Yatuonyesha kwamba ziwa letu halijafika ilikofika ghuba ya Minamata, na kwamba tunaweza kuwahi. Mkataba wa kimataifa juu ya zebaki, uliopewa jina la mji ule wa Minamata, ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kufanya kazi mwaka 2017. Kuhusu wachimbaji wadogo haudai zebaki iachwe kwa siku moja. Hudai ipunguzwe, na pale inapowezekana iondolewe. Kati ya maneno "pale inapowezekana" na karai la Kehancha kuna safari ndefu.

Sasa narudi katika uwanja wangu. Mwenzangu mmoja chuoni, aliyesikia hoja yangu juu ya neno dawa, alinipinga kwa ukali. Alisema kwamba neno halijamuua tumbusi hata mmoja. Mwingereza ana neno ambalo ndani yake mna mzizi wa Kilatini wa kuua, limeandikwa kwenye kila kopo, na bado aliwaua kozi wake. Tena, akasema, Waswahili si wa kwanza: Wayunani wa kale walikuwa na neno moja la dawa na sumu, na Wajaluo, jirani zetu hapa Migori, neno lao yath ni mti na ni dawa. Mwenzangu yuko sahihi katika yote hayo. Naongeza hata kwamba Kiswahili chenyewe kimelitandaza neno hili hadi likakonda: tuna dawa ya meno, dawa ya viatu, na dawa za kulevya ambazo hazimponyi mtu.

Hata hivyo, hoja yangu si kwamba neno linaua. Nasema kwamba neno linaondoa hofu, na hofu ndiyo iliyokuwa kinga ya mwisho ya mtu asiye na barakoa, glavu wala afisa wa kilimo wa kumwelekeza. Tazama tofauti hii ndogo. Watu wengi husema "sumu ya panya", na chombo chake hufichwa mbali na watoto. Wale wale husema "dawa ya nyanya", na chombo chake huoshwa kikachotewa maji. Wataalamu wametuletea istilahi: viuadudu, na kwa jirani zetu wa Tanzania viuatilifu. Ni maneno mazuri, nami nimeketi katika vikao vya kuunda maneno ya namna hiyo, lakini sijamsikia mkulima akiyatamka dukani. Neno sumu halihitaji kikao. Kila mtoto analijua. Mwalimu wa Kiswahili anayesahihisha insha juu ya kilimo anaweza kulidai, na mwalimu wa sayansi anaweza kukataa kuandika "dawa" ubaoni anapofundisha juu ya kabofurani.

Simlaumu mfugaji aliyetia sumu, au tuseme simlaumu peke yake. Ng'ombe aliyeliwa na simba alikuwa karo ya shule. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inatambua fidia kwa mifugo iliyouawa, lakini malipo huchukua muda mrefu hata baadhi ya wanaodai wakakata tamaa, ilhali kopo la sumu hupatikana mchana huo huo kwa bei ya kilo chache za sukari. Atakayetaka tumbusi warudi Kuria na aanzie hapo, katika faili za fidia, kabla ya kuchapisha mabango.

Kuna wanaouliza, na swali lao ni la haki, tumbusi atatufaa nini. Nchini India dawa halisi, diklofenaki, ambayo ng'ombe walipewa kutuliza maumivu, iliziharibu figo za tumbusi waliokula mizoga yao. Kufikia mwaka 2004, sababu ilipogunduliwa, baadhi ya aina zilikuwa zimepungua kwa zaidi ya asilimia 95. Mizoga ikabaki kuoza, na mbwa koko wakaongezeka. Mwaka 2024 wanauchumi Eyal Frank na Anant Sudarshan walikadiria kwamba kupotea kwa tumbusi hao kulisababisha vifo vya watu wapatao 500,000 zaidi ya kawaida kati ya mwaka 2000 na 2005. Hapa kwetu, Ogada na wenzake walijaribu huko Laikipia kuona mzoga usiofikiwa na tumbusi huwaje. Ulichukua karibu mara tatu ya muda wa kawaida kumalizika, na wanyama wala nyama waliokutana juu yake, wakibadilishana mate na maradhi, waliongezeka vivyo hivyo. Wilaya ya wafugaji isiyo na tumbusi imewafukuza wafanyakazi wake wa usafi bila ya kuajiri wengine.

Yule mjukuu wa mzee alinisindikiza hadi barabarani siku ile. Aliniuliza kama kweli ndege hao walikuwa wakubwa kama kitabu kinavyosema. Nilimwambia kwamba wapo wanaonyosha mabawa yao kwa zaidi ya mita mbili na nusu. Akanyosha mikono yake yote miwili, akaitazama mmoja baada ya mwingine, akaona haitoshi.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa Septemba kila mwaka ni siku ya kimataifa ya tumbusi. Shule yoyote ya Kehancha, Isebania au Ntimaru inaweza kuitumia bila ya kuomba fedha popote. Wanafunzi kumi, daftari moja, na mahali pa juu penye upeo mpana kuanzia saa tatu asubuhi, hewa inapoanza kupata joto, hadi saa saba. Ndege waandikwe kwa jina la Kiswahili na la Kikuria au Kijaluo, pamoja na saa waliyoonekana na upande waliotoka. Mizoga ya wanyama iliyo na ndege waliokufa kandokando yake isiguswe kwa mikono mitupu, bali iripotiwe upesi kwa maafisa wa wanyamapori. Ikiwa asubuhi nzima hakuonekana tumbusi hata mmoja, hilo nalo liandikwe pamoja na tarehe, na nakala ipelekwe katika Makumbusho ya Kitaifa jijini Nairobi, ambako kumbukumbu za ndege wa nchi hii huhifadhiwa.